Usiku wa kwanza na motohomu: jinsi ya kuchagua kambi ya likizo ya pwani

Kama umeshalipia motohomu ya kukodi (gari lenye vitanda, jiko na choo ndani) na sasa uko kwenye simu unatafuta pa kulala usiku wa kwanza, nina uhakika unaangalia picha. Gari limepaki hatua chache toka kwenye maji, jua linazama, viti viwili nje, na moyo wako ushaenda. Hiyo kambi ipo na utalala hapo, ila nakuomba uisogeze usiku wa pili au wa tatu, kwa sababu usiku wa kwanza una kazi nyingine kabisa. Ndo usiku wa kujua hita inawaka au haiwaki, friji inapoza au inanguruma bure, pampu ya maji inavuta, kitanda kinafunguka, choo hakivuji. Na ukikuta kitu hakiko sawa inabidi uwe karibu, asubuhi unarudi yadi ulikochukulia gari wanakurekebishia au wanakubadilishia gari kabla safari haijaanza, sio uko kilomita 400 mbele unaongea na mtu wa huduma kwa wateja anakwambia subiri fundi.

Kwa hiyo kambi nzuri ya usiku wa kwanza kwangu mimi ni iliyo karibu na yadi, rahisi kuingia, yenye umeme kwenye ploti (nafasi unayopewa ya kupaki na kulala), yenye mtu wa kumuuliza. Bahari iwepo, kwa nini isiwepo, umekuja pwani. Ila isiwe ndo kigezo namba moja.

Hatua ya 1: Anza na yadi, halafu ndo uangalie bahari

Fungua ramani weka alama kwenye yadi unapochukulia gari. Sasa piga hesabu ya muda kutoka nyuma kwenda mbele, anza na saa ambayo jua linazama siku hiyo, toa saa moja ya kufika na kupaki bila presha, toa muda wa kuendesha, toa saa moja ya supamaketi (usiidharau, utanunua mpaka chumvi na toileti pepa), toa muda wa makabidhiano. Makabidhiano yakifanywa vizuri ni saa nzima, wakati mwingine zaidi, kuna makaratasi, kuna kuzunguka gari kupiga picha mikwaruzo, kuna kuoneshwa gesi na maji na choo. Kama unatoka kwenye ndege ongeza uhamiaji, mizigo, na basi la kwenda yadi.

Ukishapiga hiyo hesabu ndo utaelewa kwa nini watu wanafika kambini gizani. Na msimu unabadilisha kila kitu. London mwishoni mwa Desemba jua linazama karibu saa kumi jioni, yaani umepewa funguo saa nane mchana ushachelewa tayari. Auckland tarehe hizo hizo ni kiangazi na jua linaenda mpaka saa mbili na nusu usiku imepita, una muda wa kutosha. Kwa hiyo usichukue ushauri wa mtu aliyeenda Julai ukautumia Januari bila kuangalia saa za jua.

Umbali wenyewe, mi nasema dakika 30 mpaka saa moja ya kuendesha, basi. Na kumbuka ramani ya simu inakuhesabia kana kwamba una gari dogo, we una kitu cha mita 7 chenye kioo cha pembeni kinachotokeza na hujakizoea, pengine hata upande wa barabara ni mpya kwako, ongeza robo ya muda juu yake. Ukiona kambi ya dakika 40, andika dakika 50.

Kitu kingine watu hawaangalii ni kama yadi inafunguliwa siku inayofuata. Ukichukua gari Jumamosi na yadi Jumapili imefungwa, faida yote ya kulala karibu inapungua. Hapo ama unalala karibu usiku mbili ama unahakikisha una namba ya dharura inayopokelewa wikiendi, na uijaribu ukiwa bado pale pale yadi.

Hatua ya 2: Hakikisha kambi inapokea gari kama lako

Inaonekana swali la kijinga lakini sio. Uingereza kwa mfano sehemu nyingi zinazoitwa kambi za likizo za pwani zimejaa nyumba za kudumu zinazofanana na karavani, zimepangwa safu kwa safu, na magari ya kupita kama la kwako hayapokelewi kabisa au yana ploti chache pembeni. Picha ni nzuri, bwawa la kuogelea lipo, ukibonyeza kubuki unaletewa nyumba. Nyingine zinafunga miezi ya baridi. New Zealand na Australia ni tofauti, huko kambi za likizo ploti za magari yenye umeme ni kitu cha kawaida na mara nyingi kuna jiko la pamoja, ambalo nitalirudia maana usiku wa kwanza ni mkombozi. Marekani utakuta ploti zimegawanywa kati ya zile unazoingia kwa rivasi na zile unazopita moja kwa moja, unaingia huku unatokea kule. Ukiipata hiyo ya kupita moja kwa moja kwa usiku wa kwanza, chukua bila kufikiria mara mbili, hata kama iko mbali na maji.

Ujue vipimo vya gari lako kabla hujabuki. Motohomu nyingi za kukodi Ulaya zina urefu wa mita 6 mpaka 7 na nusu, kimo karibu mita 3. Andika urefu na kimo kwenye karatasi ubandike juu ya usukani, kwa sababu paking nyingi za ufukweni zina chuma kimewekwa juu ya geti kwenye mita 2 na kidogo makusudi kuzuia magari kama lako, na ukiwa umechoka macho yanaangalia barabara, hayaangalii juu. Mikataba mingi ya kukodi haifidii paa hata kama umelipia bima kubwa, soma hicho kipengele.

Hatua ya 3: Iangalie kambi toka juu

Hapa ndo napendekeza utumie muda mwingi, nusu saa nzima kwa kila kambi uliyoipenda haitapotea. Washa picha ya setilaiti, sogeza karibu mpaka uone ploti moja moja.

Anza na geti. Barabara inayoingia ina upana gani, kuna kona kali mlangoni, kuna sehemu ya kusimama pembeni ukaingia mapokezi bila kuziba njia? Kama picha za barabarani zipo, shuka chini uangalie geti kama vile umesimama pale, utaona matawi yanayoning'inia, utaona mawe ya pembeni, utaona kama kuna kilima kifupi mlangoni ambacho mkia wa gari unaweza kukikwaruza. Motohomu nyingi zina mwili mrefu nyuma ya tairi za nyuma, na hiyo sehemu ndo inagusa chini kwenye kilima na ndo inayofagia vitu ukikata kona.

Halafu fuatilia kilicho kando ya kambi. Reli! Pwani nyingi reli imepita karibu na bahari maana ndo kulikuwa tambarare pa kuijenga, na kwenye picha za tangazo haionekani kamwe. Barabara kuu. Kiwanja cha ndege, ambacho kwa kambi zilizo karibu na yadi ni kitu cha kutegemea kwa sababu yadi nyingi ziko uwanjani. Baa ya ufukweni yenye jukwaa. Mdomo wa mto au ziwa la maji yaliyotuama, hapo andaa neti na dawa ya mbu, na kwa pwani ya magharibi ya kisiwa cha kusini cha New Zealand usubi nao ni wa kweli, wanauma jioni na asubuhi na vipele vyake vinawasha siku kadhaa.

Miti pia. Mti unakupa kivuli na unakata upepo, lakini unaziba jua kwenye paneli ya sola kama unayo, na matawi yake yanaanguka. Australia wanaonya kabisa usilale chini ya mikalitusi mikubwa maana inaweza kudondosha tawi zima hata siku isiyo na upepo. Mi nachagua ploti yenye miti mifupi au ua wa vichaka upande wa bahari, unapata kinga bila kitu juu ya kichwa.

Ukimaliza na picha nenda kwenye maoni ya wateja, ila usisome nyota, soma maneno. Tafuta ndani ya maoni neno la kelele, la tope, la upepo, la umeme, la maji ya moto. Chukua ya miezi ya karibuni na ya msimu ule ule unaoenda wewe. Malalamiko kwamba ploti zimebanana ni ya kuzingatia, malalamiko kwamba hakuna burudani za jioni kwako ni sifa.

Hatua ya 4: Upepo na maji

Kando ya bahari mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya nchi kavu inapanda na ile ya baharini inaingia kuchukua nafasi yake, ndo ule upepo unaozidi kadri mchana unavyoenda na alasiri unakuwa na nguvu kabisa. Usiku unalegea na mara nyingi unageuka, unatoka nchi kavu kwenda baharini. Kwa hiyo ukifika saa kumi jioni na upepo unapuliza usikate tamaa, huenda saa mbili umetulia. Ila kama ni upepo wa hali ya hewa mbaya inayokuja, huo hautulii, na hapo ndo unatakiwa ujue kabla. Fungua programu kama Windy, angalia kasi za upepo wa ghafla na sio wastani peke yake, kwa sababu kinachokutikisa kitandani ni zile za ghafla. Mimi zikizidi kilomita 40 kwa saa turubai la kivuli la kukunjua, lililofungwa ubavuni mwa gari, halitoki kabisa, zikifika 60 naomba ploti ya nyuma, nyuma ya majengo au ua, hata kama nilishalipia ya mbele.

Na turubai hilo, jamani, hata kama jioni kumetulia likunje kabla hujalala. Unalala hakuna hata jani linalotikisika, saa nane usiku upepo unaingia chini ya kitambaa unakiinua kama tanga, mikono yake ya chuma inajipinda na inang'oa mpaka ukuta wa gari ilipofungiwa. Nimeona jirani anapambana nalo kwa chupi na tochi mdomoni na halikukunjika tena.

Upande wa kupaki: elekeza pua ya gari kwenye upepo ukiweza, usiupe ubavu, ubavu ndo unaopokea upepo wote na gari linayumba. Mlango uwe upande uliokingwa. Na angalia zile grili mbili za friji zilizo ukutani kwa nje, kama friji yako inatumia gesi na upepo unapiga moja kwa moja pale, moto wake unazimika na wewe hujui mpaka asubuhi maziwa yameharibika.

Maji nayo. Angalia jedwali la kujaa na kupwa la sehemu hiyo, ni bure mtandaoni. Maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndo bamvua, maji yanapanda juu zaidi na yanapwa mbali zaidi, maji mafu ni kati kati hapo. Kama barabara ya kuingia kambini imepita mdomoni mwa mto au kwenye tuta la chini, ujue saa ngapi inapitika. Kisiwa cha Lindisfarne kule Uingereza barabara yake inafunikwa na maji mara mbili kwa siku na kila mwaka kuna magari yanakwama. Kambi haiwezi kuwa hivyo kila mahali lakini ploti ya safu ya kwanza siku ya bamvua na upepo wa kutoka baharini ni kitu cha kuuliza.

Kwa nchi zenye matetemeko kama New Zealand, Japani, Chile, ukifika tu tafuta kibao kinachoonesha njia ya kuikimbia tsunami na uitembee kwa macho mpaka juu. Utaratibu ni mrahisi, ardhi ikitikisika zaidi ya dakika moja, au kwa nguvu mpaka kusimama shida, unaondoka kwenda sehemu ya juu bila kusubiri king'ora wala meseji, na unaenda kwa miguu kama njia inaruhusu.

Hatua ya 5: Umeme kwenye ploti, usiruke hapa

Ploti isiyo na umeme ni ya bei nafuu, lakini usiku wa kwanza lipia yenye umeme. Sababu ni kwamba hujui betri ya ndani imechajiwa kiasi gani, gari limekaa yadi siku ngapi hujui, na friji za motohomu nyingi ni zile za kutumia gesi, umeme wa gari au umeme wa nje, zinachukua masaa mengi kupoa kutoka kwenye joto. Ukichomeka usiku kucha asubuhi friji imepoa, betri imejaa, na kama kuna kilichogoma unajua ni gari lenyewe na sio betri.

Uliza nguzo ya umeme ya ploti inatoa ampia ngapi. Ulaya utakutana na 6, 10 au 16. Zidisha ampia kwa volti unapata watti, kwa volti 230 ampia 6 ni watti 1380, ampia 10 ni 2300, ampia 16 ni 3680. Sasa birika la kawaida la nyumbani linakula watti 2000 na zaidi. Kwa hiyo kwenye ampia 6 birika lako litakata umeme, na kwenye ampia 10 linawaka kama halizidi watti 2300, ila uzime hita kwanza. Na hii inakuwa mbaya kwa sababu kuna kambi swichi ya nguzo imefungwa kwa kufuli, likikata saa tano usiku unakaa giza mpaka mtu wa mapokezi aje asubuhi. Uliza siku ya kufika, swichi inawashwaje ikikata. Marekani ni volti 120, soketi kubwa ya ampia 30 hesabu ni ile ile, ila ya ampia 50 ina laini mbili za volti 120, kwa hiyo unazidisha mara mbili.

Plagi: Ulaya na Uingereza kawaida ni ile ya bluu ya mviringo yenye pini tatu. Australia ni plagi ya ampia 15 ambayo pini yake ya ethi ni pana kuliko ya nyumbani. Ukiwa yadi omba uoneshwe waya, usikubali kuambiwa uko kwenye buti, uutoe, uangalie vichwa vyote viwili, uulize kama unaingia kwenye kambi za huko bila adapta. Mita 20 au 25 zinatosha.

Namna ya kuchomeka: kila kitu ndani kimezimwa, unaanza upande wa gari, halafu unaenda kwenye nguzo. Kutoa ni kinyume, nguzo kwanza. Hivyo hautembei na kichwa chenye umeme mkononi kwenye nyasi zenye umande. Na waya ufunguliwe WOTE toka kwenye roli (gurudumu la kuuzungushia) hata kama nguzo iko mita 3, waya uliojizungusha unashika joto, ukiweka hita usiku kucha plastiki inaweza kuyeyuka. Utandaze chini ya gari kwa mawimbi mapana, basi.

Hatua ya 6: Ardhi

Kwa usiku wa kwanza chukua ploti ngumu, kokoto au zege. Nyasi ni nzuri kwa miguu lakini motohomu nyingi za Ulaya zimejengwa juu ya Fiat Ducato ambayo tairi za mbele ndo zinavuta, na uzito mwingi uko nyuma, sasa mvua ikinyesha usiku tairi za mbele zinazunguka tu zinachimba. Ikitokea usikanyage mafuta, kila unapokanyaga unazama zaidi. Weka mkeka wa mlangoni au kabari mbele ya tairi zinazovuta, toka taratibu gia ya pili, au muombe mtu wa kambi, wengi wana trekta. Mchanga ni mbaya zaidi, usiingie hata kama wengine wameingia.

Usawa wa gari unahitajika kuliko watu wanavyodhani. Sio tu kulala kichwa kikiwa chini, ile friji ya gesi inataka gari liwe karibu na usawa ndo ifanye kazi vizuri. Weka pimamaji sakafuni, au programu ya pimamaji ya kwenye simu, upande ulio chini panda kwenye kabari, handibreki juu. Kama yadi haijakupa kabari za plastiki ziombe.

Hatua ya 7: Piga simu au andika, halafu ndo ulipe

Ukibuki mtandaoni peke yake unapewa ploti iliyobaki. Meseji fupi inakubadilishia usiku mzima. Mi naandika hivi:

"Habari za kazi. Nimebuki usiku mmoja tarehe fulani. Ni mara yetu ya kwanza kuendesha motohomu, ina urefu wa mita 7 na kimo mita 3. Tunaomba ploti yenye umeme, ardhi ngumu, rahisi kuingia, isiyo safu ya mbele kama kutakuwa na upepo. Tunatarajia kufika kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Tukichelewa tunaingiaje?"

Watu wa kambi wakisoma mara ya kwanza wanakuwa wapole sana, wengine watakuja kukuongoza kupaki. Na swali la mwisho ndo la muhimu kuliko yote. Mapokezi mengi yanafunga jioni, wanaandika 17:00 au 18:00, yaani saa kumi na moja au kumi na mbili, na geti linahitaji namba ya siri. Kambi nyingi zinaacha bahasha nje yenye jina lako, ramani na namba ya geti, lakini wanaiacha kama wanajua unakuja. Hifadhi hiyo namba kwenye karatasi, simu inaweza kuzima. Uliza pia masharti ya kuahirisha, ndege ikichelewa siku nzima unataka kusogeza tarehe na sio kupoteza hela.

Vitu vingine vya kuuliza ni vichache: jiko la pamoja lipo? (gesi ya gari ikigoma bado mnakula), bafu za kambi zina maji ya moto usiku? (tenki la maji ya moto la gari mara nyingi ni lita 10 hivi, watu wanne hawaogi hapo), mtandao unafika kwenye ploti? Huo wa mwisho sio anasa, utahitaji kuangalia video ya jinsi ya kuwasha hita ya gari lenu.

Bwawa, uwanja wa watoto, baiskeli za kukodi, sipotezi muda navyo kwa usiku mmoja, isipokuwa una watoto wametoka kwenye ndege masaa mengi, hapo uwanja wa kuruka ruka unakupa nusu saa ya kupanga gari kwa amani.

Hatua ya 8: Ukifika

Simamisha gari mapokezi, shuka, itembee njia mpaka kwenye ploti kwa miguu kabla hujaingia na gari. Angalia nguzo ya umeme iko upande gani na soketi ya gari iko upande gani. Bomba la maji, matawi, mawe. Ploti iwe karibu na vyoo lakini isiwe ya kwanza kabisa, la sivyo taa na ndala za watu vinapita dirishani usiku kucha.

Kuingia rivasi, mmoja anashuka, wawili mkubaliane ishara kabla: mkono juu maana yake simama, basi. Anayeongoza akae pale ambapo dereva anamuona kwenye kioo, ukipotea kwenye kioo dereva anasimama. Kamera ya nyuma haioni juu.

Giza halijaingia fanya ukaguzi, na huu ndo mzigo wa usiku wa kwanza. Fungua gesi washa kila jiko. Washa hita hata kama kuna joto. Washa maji ya moto subiri uone yanatoka. Fungua bomba zote, halafu weka mkono chini ya sinki na nyuma ya choo, kuna unyevu? Tengeneza vitanda vyote sasa hivi, sio saa nne usiku mkiwa mmenuniana. Bonyeza kitufe cha kujaribu king'ora cha moshi na cha gesi ya kaboni monoksidi. Na jiko la gesi lisitumike kupasha joto gari usiku, wala jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata likionekana limezima, kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu waliolala. Zile tundu za hewa za sakafuni na juu usizibe kwa nguo eti baridi.

Kila kibovu kipige picha na video, na uandike saa. Kama sio cha hatari kiache, nenda kaangalie bahari, umeifuata.

Kuamka, kabla hujakunja chochote, pigia yadi dakika ile wanayofungua. Kambi nyingi za Australia na New Zealand zinataka utoke saa nne asubuhi, kwa hiyo ukijua jibu la yadi mapema una nafasi ya kuongeza usiku mmoja pale pale kama fundi atakuja mchana, au kumwaga maji machafu na kaseti ya choo (tenki lake dogo la kuchomoa) sehemu yake, kujaza maji safi kwa paipu ya maji ya kunywa na sio ile ya kuoshea kaseti, na kurudi na gari yadi ukiwa mtu wa kwanza kwenye foleni.